Udongo Mchachu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikinunua maziwa nanusa kifuniko palepale kaunta, mwenye duka akinitazama. Nikiambiwa nyama ni ya leo, nauliza leo ya lini. Mdogo wangu husema nilikosea njia, ningekwenda upolisi. Labda. Lakini Johannesburg imenifunza kwamba ukiacha kushuku hata kidogo unarudi nyumbani bila simu, na kazi niliyoipata hapa ndiyo imenikoleza kabisa.

Kazi yenyewe ni hii. Kusini mwa mji kuna vilima vya mchanga wa manjano ambavyo Mungu hakuviumba. Ni mabaki ya migodi ya dhahabu, yaliyosagwa na kumwagwa huko miaka na miaka, na upepo wa Agosti ukivuma vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria. Sisi wa maabara ya chuo tunachota udongo wa vilima vile na wa vijito vilivyo chini yake, tunang'oa nyasi zilizothubutu kuota pale pamoja na kuvu waliojishika kwenye mizizi, kisha tunasoma vinasaba vyao tujue nani anaishi humo na anafanya kazi gani. Tunatafuta nyasi zitakazolishika vumbi na zikivunwa zitoe nishati, na bakteria watakaoondoa sumu kwenye maji. Ndugu zangu kule Tanga wanaamini natafuta dhahabu na nawaficha. Dhahabu! Nusu ya siku zangu napambana na swali moja tu: huyu bakteria niliyemwona kwenye mashine katoka kilimani kweli, au katoka kwenye glavu yangu?

Basi, Jumapili moja ya baridi nilitoka kwangu, mtaa wa Kensington, kwenda kumwona mdogo wangu mtaa wa La Rochelle. Amepanga chumba cha uani, na saluni anayosukia ni hapo hapo mtaani. Mumewe ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njia ya Durban. Wakati ule mdogo wangu alikuwa na mimba, tumbo limeshachomoza. Ya kwanza ilikuwa imetoka kabla hata hatujanunua kanga ya mtoto, na alilia mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo hii ya pili sote tulikuwa tunaizunguka kwa kunyata, hata simu nyumbani tulikuwa tunapiga kwa sauti ya chini.

Nikamkuta kitandani, miguu juu ya mto, anatafuna kitu kinalia kama bisi.

"Unakula nini?"

"Udongo. Na wewe usianze."

Sikuanza. Ningeanzaje? Mama yetu alikula udongo mimba zake zote, na mimi mwenyewe, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa nabandua ukuta wa jiko la bibi na kuulamba mpaka babu akauliza kama kuna panya. Udongo ni jambo letu. Nikaketi, nikanyoosha mkono, nikamwambia anigawie na mimi.

Akanipa kipande, cheupe chenye umanjano kidogo, kimekaushwa vizuri, na harufu ya moshi. "Onja. Huu si kama wa kwetu, huu una uchachu, kama umekamuliwa ndimu. Ukianza huachi, wallahi. Wajawazito wote wa mtaa huu wanaugombania."

Nikauweka ulimini. Kweli, ulikuwa mchachu. Nikautema kiganjani.

Sasa hebu nieleze kwa nini niliutema, maana mdogo wangu alidhani najidai. Ndani ya ule mchanga wa migodi mna madini ya chuma na salfa yanayong'aa, na mna bakteria ambao chakula chao ni hayohayo. Wanapokula wanatengeneza tindikali. Ndiyo maana vijito vya chini ya vilima vile vina maji makali, na tindikali ile inayeyusha kila sumu iliyolala mle: aseniki, madini ya risasi, mpaka urani. Nimeshika udongo wa namna ile miaka kadhaa, na hatuuonji, astaghfirullah, lakini ule ukali unaujua puani na kwenye ngozi iliyochanika. Udongo wa kula kwetu ni mtamu wa mvua, hauna ndimu.

"Umeununua wapi?"

"Kwa mama Mkongo, hapo Rosettenville. Anauleta kwao."

"Kwao wapi?"

"Dada! Kwao. Bukavu. Nikuletee na pasipoti ya udongo?"

Nikamwambia aache kuula mpaka niupime. Akacheka kwanza. Alipoona sicheki, akashusha miguu, akanikazia macho.

"Nisikilize. Ile mimba ya kwanza sikula udongo hata punje. Nilikula madawa yao ya kliniki na matunda kama walivyosema, na ikatoka. Hii nakula udongo, na mtoto anacheza. Ananipiga teke mpaka nashindwa kushika kichwa cha mteja. Unataka niache nini sasa?"

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyonipanda kichwani. Nikamwuliza kama angalau atakwenda kliniki wamtoe damu, wapime risasi. Akasema damu yake si ya maabara yangu. Akanifungia kipande kwenye karatasi ya chooni, akanipa kwa madaha.

"Haya, kapime. Ukikuta mchawi humo uniambie."

Kesho yake, kabla ya kupima chochote, nilikwenda kumwangalia huyo mama. Nilimkuta barazani kwake, meza imejaa samaki wakavu, chupa za mawese, mafungu ya sombe, kisamvu chao, na udongo kwenye vifuko vya plastiki vilivyofungwa kwa uzi mwekundu. Mwanamke mnene, kilemba kimekaa sawasawa, uso wa kupendeka. Uso wa kupendeka ndio ninaoushuku kuliko wote.

"Karibu mama. Unatafuta ya kula? Iko muzuri, iko ya kwetu, Bukavu."

"Inafikaje hapa?"

"Na basi, mama. Banabeba."

"Mpakani wanaipitisha? Mimi mche wangu mmoja wenye kibali na mihuri waliutupa na udongo wake kwenye pipa, naangalia."

Akacheka, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Eish, mama, wewe iko mutu ya serikali?"

Nikamwambia mimi ni dada wa mteja wake. Akaniuliza yupi, nikamwelezea, akasema anamjua, mtoto muzuri, na akanipa fuko moja la bure nimpelekee. La bure! Nilipofika kwenye gari nilikuwa nimeshamhukumu. Mfanyabiashara anayegawa bure baada ya kuulizwa maswali mawili ana kitu anachokificha, hivyo ndivyo nilivyojiambia nikisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani.

Nusu ya kile kipande niliwapelekea wenzetu wa kemia. Majibu yao hayakuchelewa: risasi nyingi, aseniki nyingi, udongo wa namna hiyo hata kuku asiuparue. Nikampigia mdogo wangu, nikamsomea.

"Sawa," akasema. "Lakini si wanasema Kongo nayo imejaa madini? Basi na ya kwao ina hayo hayo. Na wanawake wa kule wanakula na wanazaa watoto wana afya kama ng'ombe. Mbona?"

Jamani. Yaani alikuwa na jibu. Kemia inasema kilichomo, haisemi kimetoka wapi, na mdogo wangu asingeacha mpaka aambiwe ametapeliwa. Udongo wa Bukavu angeufia. Ila udongo wa takataka za mgodi wa Johannesburg, uliopewa jina la Bukavu, huo angeutema mwenyewe. Hapo ndipo kazi yangu ilipofaa. Kila mahali pana wakazi wake, na kwenye friza yetu nilikuwa na wakazi wa karibu kila kijito cha upande ule, wameshasomwa na kupangwa. Hata udongo ukipikwa na kuuawa kila kilichomo, mabaki ya vinasaba vyao yanabaki yamevunjikavunjika, na mashine inaweza kuyatambua. Nikamwomba mkuu wetu ruhusa. Akaguna, akasema hiyo si kazi ya mradi, halafu akauliza mimba ina muda gani, na akanipa nafasi kwenye mzunguko wa mashine uliofuata.

Mzunguko wa kwanza ulinitia aibu. Kila tunaposoma sampuli, tunapitisha na bomba dogo la sampuli, tupu, lisilo na udongo wowote, maji matupu, ili likionyesha kitu tujue kimetoka kwetu. Udongo wa yule mama ulionyesha bakteria wa migodini. Nikapiga makofi. Kisha nikaangalia bomba tupu, na lile nalo likaonyesha walewale! Maana yake nini? Maana yake meza yangu, ambayo nimeikalia na mchanga wa vilima miaka yote, ilikuwa imejaa hao wadudu, na nilikuwa nimempakazia yule mama uchafu wangu mwenyewe.

Nikamweleza mdogo wangu ukweli, kwa sababu angenijua tu nikimdanganya. Alicheka mpaka nikasikia mteja wake anauliza kuna nini.

"Si nilikuambia? Mwenye udongo wa mgodi ni wewe!"

Nikamsikia anatafuna kwenye simu, kwa makusudi. Niliikata. Nililia kidogo chooni, nikanawa, nikarudi.

Kuna jengo lingine pale chuoni ambako wenzetu wanashughulika na miwa na kuvu wanaolainisha maganda yake yawe mafuta ya magari. Huko hakujaingia punje ya mchanga wa mgodi. Nikawaomba kona. Niliacha viatu vyangu nje, nikaazima koti lao, nikafungua vifaa vipya, nikachukua lile fuko la bure ambalo lilikuwa halijafunguliwa, nikakwangua ngozi yote ya nje ya kipande na kuchukua kiini tu. Mdada mmoja wa pale aliniuliza kama huo udongo umetoka mwezini. Nikamwambia sijui umetoka wapi, ndiyo nataka unitajie.

Safari hii bomba tupu lilikuwa tupu. Udongo ukaonyesha wakazi wake wote, kundi zima, na nilipowalinganisha na vijito vyetu hawakufanana na wa kijito kingine ila kimoja: kile kinachopita chini ya kilima, mwendo mfupi tu kutoka Rosettenville. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifurahi vibaya, kama mtu aliyemkamata mwizi na begi mkononi, na furaha ile ikanichukua mpaka kwenye gari kabla sijakumbuka tumbo la mdogo wangu.

Nikampitia saluni, nikamwambia avue aproni twende. Hakutaka. Nikamwambia akimsikia yule mama kwa kinywa chake akaridhika, sitamsumbua tena mpaka ajifungue. Hilo likamvuta. Njia nzima alikuwa na fuko lake mapajani, na alipotafuna alinitazama.

Tulimkuta palepale mezani. Alipomwona mdogo wangu akafurahi, akaanza kumtafutia kiti. Mimi sikusubiri kiti.

"Mama, udongo wako hautoki Bukavu. Unatoka kwenye kijito cha chini ya kilima cha mgodi, hapo nyuma."

"Nani anakuambia?"

"Wadudu waliomo ndani yake. Nimewasoma. Wale hawaishi kwenu."

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na maneno yangu yalikuwa yamepangwa mdomoni. Yule mama akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, akakaa yeye kwenye kile kiti alichokuwa anamtafutia mwenzake.

"Ya kwetu balikuwa banaitupa kwa mupaka," akasema. "Kila mara. Na bamama banakuja hapa, banatapika, banalia, banataka udongo tu. Nitafanya nini? Siku moja nikaona pale kwa kamuto. Maji iko safi, mama! Safi, unaona mpaka chini. Hakuna majani, hakuna chura, hakuna matope ya kijani. Kwetu ya kula tunatoa vilevile, kando ya muto penye maji safi. Nikachimba, nikatwanga, nikachoma kwa moto. Nikaonja. Ilikuwa na ka-ndimu. Bamama balipenda kuliko ya kwetu. Nikasema ni ya Bukavu, kwani nani atanunua ya hapa?"

Maji safi. Nilikijua kile kijito, nimekichota mara nyingi nikiwa na glavu za kufika kwenye viwiko. Ni kweli, maji yake yanaonyesha mpaka chini.

"Mama, chura hayupo kwa sababu hawezi kuishi mle. Samaki hawezi, majani hayawezi. Ile ndimu ni tindikali, na imebeba sumu. Risasi. Aseniki. Inapita kwa mama inakwenda kwa mtoto."

Nilidhani atabisha. Mdogo wangu naye alidhani hivyo, nilimwona anamsubiri abishe, amwokoe. Lakini yule mama aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akaita kwa lugha yao kuelekea ndani ya nyumba, akaita tena kwa sauti iliyowafanya watu wa duka la jirani wageuke.

Akatoka binti. Alikuwa mdogo, kanga imefungwa juu ya tumbo kubwa kuliko la mdogo wangu, usingizi machoni, na shavu moja limetuna.

Mama yake akamwendea. Alimshika taya kwa mkono mmoja, akamwingiza kidole mdomoni kama tunavyomfanyia mtoto mchanga aliyeokota kitu sakafuni, akakwangua, akatoa ule udongo uliolowa mate, akautupa, akaingiza kidole tena. Binti alikuwa anapiga kelele na kumpiga mkono. Mama anakwangua tu. Alikwangua mpaka ufizi ukatoa damu, na alikuwa anasema neno moja lile lile kwa lugha yao, sikulijua na sikuuliza.

Nikaona haya kusimama pale na ukweli wangu. Mtu niliyemfuata nimfedheheshe alikuwa amemlisha mwanawe wa kumzaa.

Mdogo wangu alitema. Aliinama kando ya meza, akatema mpaka mate yakawa meupe, akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Dada," akasema, "hiyo damu wanapimia wapi?"

Tukaingia wote kwenye gari langu, kilemba cha yule mama kimelegea na hajali, meza ya biashara imeachwa wazi barabarani. Tulipofika kliniki binti aliogopa sindano, na mdogo wangu, yeye aliyenikatalia wiki zote zile, ndiye aliyetangulia kutoa mkono ili mwenzake aone.

Risasi kwenye damu ya mdogo wangu ilikuwa juu ya inavyotakiwa, lakini dokta alisema ameacha mapema, akampa vidonge vya madini ya chuma na kumpangia arudi kupimwa. Alirudi kila alipoitwa. Alijifungua msichana, uzito mzuri, sauti ya muezini. Nampenda yule mtoto kupita kiasi na namshuku kupita kiasi. Wenzake walipoanza kutambaa nilihesabu, jino lilipochelewa nilipiga simu, na mpaka leo akinyamaza muda mrefu namwita nione kama atageuka. Mdogo wangu ananiambia nitamtia mtoto wazimu, lakini huwa anageuka na yeye kumtazama.

Ya yule binti hayakuwa hivyo. Yeye alikuwa amekula tangu mimba changa, na damu yake ilipopimwa dokta alitoka nje ya chumba akapiga simu hospitali kubwa. Walimlaza. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake na hakuishi. Dokta alituambia mambo kama hayo yana sababu nyingi, hawezi kusema ni udongo, na najua alisema kweli kama inavyotakiwa kusemwa. Simwamini hata hivyo.

Yule mama alinipigia baada ya maziko. Nilijua ni yeye kabla hajasema kitu, nikajiandaa kulaumiwa, au kulia naye. Hakulia. Alisema yeye alikuwa anampa binti kipande kimoja kila asubuhi kwa mkono wake, kizuri, alichokichagua. Vingine binti alikuwa anajichukulia mwenyewe mezani. Akaniuliza ile mashine yangu, ile inayosoma wadudu, kama inaweza kuonyesha ni kipande kipi kilichomwua mtoto.

Nikamwambia haiwezi. Akaniomba nijaribu.